Mizani Iko Mkononi mwa Nani?

Kiswahili kimetunza historia ya kazi ndani ya maneno matatu tunayoyatamka kila siku. Kibarua ni barua ndogo: kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa huko pwani ili akionyeshe jioni apate malipo, na kadiri miaka ilivyokwenda jina la karatasi likamhamia mtu mwenyewe. Kipande, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kilikuwa kadi ya siku 30. Siku ilipigiwa alama pale tu mfanyakazi alipomaliza kazi aliyopimiwa. Aliyeshindwa kuimaliza alirudi kambini bila alama, hata kama alishinda juani tangu alfajiri. Huko Kenya kipande kilikuwa cheti ambacho, kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alilazimika kutembea nacho, mara nyingi ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni, na mwajiri ndiye aliyeandika humo mshahara na tarehe ya kumwachilia. Neno nyapara nalo lilianzia kwa wakuu wa misafara ya Wanyamwezi, likaishia kumaanisha mtu anayesimama nyuma ya mgongo wako akihesabu. Karatasi, kadi na msimamizi: vyote vitatu vilimgeuza mfanyakazi kuwa hesabu, na hesabu hiyo hakuishika yeye.

Maneno yanayotawala maofisini leo ni mengine: ufanisi, tija, malengo, viashiria, tathmini ya utendaji. Tanzania ilianza kutumia mfumo wa tathmini uitwao OPRAS katika utumishi wa umma mwaka 2004, na mwaka huohuo Kenya ikaleta mikataba ya utendaji katika mashirika ya umma. Leo mtumishi wa Tanzania anajaza majukumu yake kwenye mfumo wa PEPMIS, na mwalimu wa Kenya anajaza fomu za tathmini ya walimu, TPAD. Ubishi kuhusu mifumo hii hugeuka upesi kuwa ubishi kati ya wanaotaka watu wapimwe na wanaoogopa kupimwa, na hapo ndipo tunapopotea. Mgonjwa anataka ahudumiwe mapema, mzazi anataka mwanawe afundishwe, mlipa kodi anataka fedha yake ionekane. Madai hayo ni ya haki, na kazi imepimwa tangu zamani na itaendelea kupimwa. Jambo linaloamua kama kipimo kitajenga au kitaumiza ni mkono unaokishika: nani alichagua kitu cha kuhesabiwa, nani anaiona hesabu ikiwa kamili, na nani ana haki ya kusema kwamba hesabu hii imekosewa. Mkono huo ukiwa wa mwenye kulipa peke yake, mambo mawili hufuata karibu katika kila taaluma. Ujuzi wa kazi humtoka anayeifanya ukahamia kwa anayeisimamia. Na ile sehemu ya kazi isiyohesabika ama hufanywa bure, ama huachwa.

Aliyeigeuza mbinu hii ya kuhamishia ujuzi kwa msimamizi kuwa fundisho ni Frederick Winslow Taylor, mhandisi wa Philadelphia aliyezaliwa mwaka 1856. Mwaka 1899, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem huko Pennsylvania, palikuwa na shehena kubwa ya mikuo ya chuma ghafi iliyotakiwa kupakiwa kwenye mabehewa. Mkuo mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 42 hivi. Mtu aliuinua kwa mikono, akapanda nao ubao ulioinama, akauangusha ndani ya behewa, kisha akashuka kuchukua mwingine. Kwa hesabu za Taylor, mpakiaji mmoja alihamisha tani 12 na nusu kwa siku. Akamchagua mmoja wao, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1911 anamwita Schmidt, akamwekea msimamizi mwenye saa mkononi: beba ukiambiwa beba, keti ukiambiwa keti, na usijibu neno. Kufikia jioni Schmidt alikuwa amepakia tani 47 na nusu, na ujira wake ukapanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Mzigo uliongezeka karibu mara nne. Malipo yakaongezeka kwa kama asilimia 60. Watafiti waliopekua kumbukumbu za kiwanda hicho miongo mingi baadaye walikuta kwamba Taylor aliipamba sana simulizi yake, lakini simulizi ndiyo iliyosafiri duniani, na wakubwa wa viwanda waliamini kila tarakimu iliyomo.

Ukisoma kitabu hicho leo, tani si jambo la kushtua kuliko yote. Kinachoshtua ni jinsi Taylor anavyosema wazi kwamba ujuzi ambao mafundi walirithishana kwa vizazi lazima ukusanywe na uongozi, upangwe, uandikwe kuwa kanuni, kisha urudishwe kwa fundi kama amri. Alimfananisha mbebaji wa chuma na ng'ombe, akahitimisha kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kuielewa sayansi ya kazi yake mwenyewe. Mafundi walielewa vizuri kilichokuwa kikiondoka. Agosti 1911, katika karakana ya silaha ya serikali huko Watertown, Massachusetts, mafundi wa kusubu chuma waliacha kazi baada ya mtaalamu kuja na saa ya kupimia sekunde kuwahesabia mikono yao. Bunge la Marekani likaitisha uchunguzi, Taylor mwenyewe akahojiwa, na baada ya hapo sheria za bajeti zikapiga marufuku matumizi ya saa hiyo katika karakana za jeshi. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1949. Kazi ya mafundi wale ilikuwa ikisimamiwa hata kabla ya hapo. Walichogomea ni mtu asiyeijua kazi kupewa mamlaka ya kuamua inapaswa kuchukua dakika ngapi.

Chuma angalau kinapimika. Tani ni tani, hata kama mgongo wa aliyeibeba umeharibika. Mambo yanakuwa mazito zaidi mbinu hiyo inapoingia mahali ambapo tunda la kazi halina uzito wala idadi: wodini, darasani, kwenye kaunta ya huduma. Hospitali ya Stafford, Uingereza, ni mfano ambao kila mpanga sera ya afya angepaswa kuujua. Kati ya mwaka 2005 na 2009 uongozi wake ulikimbizana na malengo ya serikali na kupunguza gharama ili hospitali ipate hadhi ya kujiendesha. Lengo mojawapo lilitaka mgonjwa wa dharura asikae katika kitengo cha dharura zaidi ya saa nne. Ripoti ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanasheria Robert Francis, iliyotolewa Februari 2013, ilieleza wagonjwa walioachwa wamelala kwenye mashuka machafu, waliowekewa chakula mahali wasipoweza kukifikia, waliokosa mtu wa kuwapa maji. Uchunguzi ulisikia pia ushahidi wa wauguzi waliobanwa waandike muda usio wa kweli ili lile lengo la saa nne lionekane limetimia. Idadi ya wauguzi ilikuwa imepunguzwa kwa jina la ufanisi, na kumlisha mzee asiyeweza kushika kijiko hakukuwa na kisanduku chake kwenye fomu yoyote. Karatasi za hospitali zilisomeka vizuri wakati watu wakiteseka vitandani.

Hatuhitaji kwenda hadi Uingereza. Miaka ya 1998 na 1999, katika wilaya za Busia na Teso magharibi mwa Kenya, shule 50 za msingi ziliingizwa katika mpango wa kuwapa walimu zawadi kulingana na alama za wanafunzi wao, na shule nyingine 50 zikaachwa zilinganishwe nazo. Wanauchumi Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer walifuatilia kilichotokea. Alama katika mitihani iliyohusishwa na zawadi zilipanda. Lakini mahudhurio ya walimu hayakubadilika, kazi za nyumbani hazikuongezeka, namna ya kufundisha ilibaki ileile. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwanoa watoto kwa ajili ya mtihani. Mpango ulipokwisha, faida ile haikubaki. Mwalimu aliambiwa kinachohesabiwa ni alama, akazalisha alama. Hakudanganya mtu, alifanya alichoombwa. Kosa ni la aliyedhani kwamba alama na elimu ni kitu kimoja, kwa kuwa mojawapo huingia kwenye jedwali kwa urahisi.

Tanzania nayo ililijaribu jambo hili katika afya. Kuanzia mwaka 2011 mkoa wa Pwani uliendesha mpango wa malipo kwa ufanisi, ambapo zahanati, vituo vya afya na hospitali zilipata fedha za ziada kwa kufikia malengo. Tathmini iliyofanywa na Taasisi ya Afya ya Ifakara pamoja na wenzao wa nje ilionyesha mafanikio ya kweli: akina mama wanaojifungulia vituoni waliongezeka kwa kama asilimia 8, na wajawazito waliopewa dawa ya kuzuia malaria kwa asilimia 10. Hayo ni maisha ya watu na hayafai kubezwa. Ila huduma hizo ni mbili kati ya nane zilizolengwa. Sita nyingine hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Ukitaka kujua kwa nini, msogelee muuguzi wa zahanati aliye peke yake zamu ya usiku. Mama anapokuwa na uchungu anapaswa kujaza patografu, ule mchoro unaoonyesha njia inavyofunguka na mapigo ya moyo wa mtoto, hatua kwa hatua, ili hatari ionekane mapema. Mtoto akitoka kuna kufunga kitovu, kuangalia damu, kuminya tumbo, kumweka mtoto kifuani kwa mama. Kisha kuna vitabu vya takwimu za afya, MTUHA, na kadi ya mama, na kadi ya mtoto. Akina mama wakiwa watatu kwa usiku mmoja, patografu hujazwa alfajiri, watoto wakishazaliwa, ili mkaguzi aikute imekamilika. Chombo kilichobuniwa kumsaidia mkunga aione hatari kimegeuka ushahidi wa kumwonyesha bosi kwamba kazi ilifanyika. Mkunga analijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote, na kulijua kunamuumiza, kwa sababu aliusomea ukunga ili aokoe watu.

Mahali ambapo mambo haya yanaonekana kwa macho matupu ni kwenye mashamba ya chai. Mchumaji anatakiwa kuchukua majani mawili na chipukizi lake, basi. Jani lililokomaa linaharibu chai. Mikono yake miwili inakwenda juu ya kichaka bila macho kuitazama, na ujuzi huo huchukua misimu kadhaa kuupata: vidole vyenyewe hujua jani gani linakatika kwa kuvunjwa na lipi linavutika. Kikapu kikijaa mgongoni anakipeleka kwenye mizani, anapanga foleni, karani anapima, anapunguza kiasi kwa ajili ya kikapu na unyevu, anaandika. Malipo ni kwa kilo. Muda wa foleni haulipwi. Kutembea kutoka shambani hadi mizani hakulipwi. Kuchambua majani mabovu yaliyoingia kwa bahati mbaya, kazi ambayo ndiyo inayoipa chai ya Kericho, Kenya, sifa yake sokoni, hakulipwi na zaidi ya hapo kunapunguza uzito. Kiangazi kikija na majani yakawa machache, bei ya kilo haipandi ili kufidia saa anazotembea akitafuta chipukizi. Hasara ya hali ya hewa, ya foleni na ya mizani inamwangukia yeye, na faida ya wepesi wa vidole vyake inagawanywa mahali pengine.

Kisha ikaja mashine. Mashine ya kuchuma inakata juu ya kichaka kwa mpigo, na watu wachache wanafanya kazi ya wengi. Chama cha wafanyakazi wa mashambani kimebishana na makampuni kuhusu mashine hizo kwa miaka mingi, na Mei 2023 waandamanaji walizichoma moto baadhi yake huko Kericho. Vurugu hizo zilileta kifo, na hakuna haja ya kuzitetea. Lakini aliyezieleza kama ujinga wa watu wanaoogopa maendeleo hakutazama vizuri. Kwa miongo mingi mchumaji aliambiwa kwamba thamani yake ni kilo. Ujuzi wa vidole haukuandikwa popote, haukupandishiwa daraja, haukupewa cheti. Siku kilipopatikana kitu kinachotoa kilo nyingi zaidi, hakukuwa na jambo lingine kwenye daftari la mwajiri la kumtetea. Kipimo kilikuwa kimeshamwondoa shambani kabla mashine haijafika.

Kuna pingamizi la kwanza, nalo ni zito, hivyo lijibiwe kwa uzito wake. Watu watasema: mnawatetea wazembe. Nchini Tanzania, mwaka 2017, uhakiki ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na kabla ya hapo palikuwa na sakata la watumishi hewa waliokuwa wakilipwa mishahara kila mwezi. Utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2012 nchini Kenya ulikuta kwamba wakati wowote ule karibu nusu ya walimu wa shule za msingi za umma hawakuwamo darasani. Je, mtoto aliyekaa saa nzima bila mwalimu ana faida gani na heshima ya taaluma? Swali ni la haki kabisa, na mtu anayeipenda kazi ya ualimu ndiye anayepaswa kulikasirikia zaidi. Lakini litazame vizuri hilo la walimu: wengi wa waliokosekana darasani walikuwa wamefika shuleni. Kitabu cha mahudhurio kisingewanasa. Kwa maneno mengine, palikuwa na kipimo na walikifikia. Na mwenye cheti cha kughushi hakuwa mtu aliyekosa fomu ya tathmini. Alipita miaka mingi akijaza fomu hizohizo na kupata alama. Uzembe na wizi ni mambo ya kukamatwa kwa uhakiki wa wazi, kwa mwalimu mkuu anayepita madarasani, kwa wazazi wenye kamati iliyo na meno. Kumtwisha kila mtumishi mzigo wa kujithibitisha kila wiki kwa tarakimu humwacha mjanja salama, maana ujanja wake ndio hasa kujaza tarakimu, na humnyang'anya mwaminifu saa alizokuwa akizitumia kwa mgonjwa au mwanafunzi.

Ushahidi mzuri kuliko wote juu ya jambo hili umetoka kwetu. Kupitia mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, watafiti wakiwamo Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan walizigawa shule za msingi 350 katika wilaya 10 za Tanzania mnamo 2013 na 2014. Baadhi zilipewa ruzuku ya fedha kwa ajili ya vitabu na vifaa. Nyingine walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mwanafunzi atakayefaulu. Nyingine zilipata vyote viwili, na zilizobaki hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikubadili matokeo. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya: mtihani wenye fedha ulipanda, mtihani usio na fedha haukusogea vya kutosha kuaminika. Shule zilizopata vyote viwili ndizo ambazo watoto wake walijifunza zaidi, katika mitihani yote. Wapenzi wa malengo wanaweza kuutumia utafiti huu upande wao, na wana haki ya nusu yake. Nusu nyingine inasema kwamba kumdai mtu matokeo bila kumpa nyenzo ni kumdai maji aliyeshikishwa kikapu. Fomu zetu nyingi za tathmini humuuliza mtumishi alifanya nini. Ni chache sana zinazouliza aliomba nini ili aifanye kazi hiyo, na nani hakumpa.

Pingamizi la pili linatoka viwandani: bila mbinu hizi tusingekuwa na bidhaa za bei nafuu wala mishahara mizuri. Henry Ford hutajwa hapo, na ni kweli kwamba mstari wa kuunganisha magari alioanzisha katika kiwanda chake cha Highland Park mwaka 1913 ulishusha muda wa kuunganisha gari kutoka saa 12 hivi hadi dakika 93. Mwaka huohuo wafanyakazi walikimbia kiwanda chake kwa wingi kiasi kwamba iliwalazimu kuajiri watu zaidi ya 52,000 ili kuwa na kama 14,000 kazini. Mshahara maarufu wa dola 5 kwa siku, uliotangazwa Januari 1914, ulikuja baada ya watu kuonyesha kwa miguu yao kwamba hawaivumilii kazi ile, na uliambatana na wakaguzi waliotumwa majumbani kuangalia kama mfanyakazi anaishi maisha ambayo kampuni inayakubali. Fedha nzuri ililetwa na ukaidi wa wafanyakazi. Saa ya kupimia peke yake isingeileta.

Tena upo mfano unaoonyesha kwamba saa hiyohiyo ikibadilisha mkono, kazi hubadilika. Huko Fremont, California, General Motors ilifunga kiwanda chake mwaka 1982. Kilijulikana kwa utoro, migomo na magari yenye kasoro. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota kikiitwa NUMMI, na sehemu kubwa ya wafanyakazi walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani, chini ya chama kilekile cha wafanyakazi. Mtafiti Paul Adler aliyekichunguza alikuta jambo ambalo Taylor asingeliamini: vikundi vya wafanyakazi ndivyo vilivyoshika saa ya kupimia sekunde. Walipimana wenyewe, wakajadiliana njia nyepesi ya kufanya kila hatua, wakaiandika kuwa kanuni, na wakawa na ruhusa ya kuibadilisha. Palikuwa na kamba ambayo mfanyakazi yeyote aliweza kuivuta akiona kasoro ili msaada uje, na ikibidi mstari usimame. Mauzo yaliposhuka mwaka 1988 hakuna aliyepunguzwa kazini. Utoro uliozoeleka kwa zaidi ya asilimia 20 ukashuka hadi asilimia chache. Haikuwa pepo, mwendo ulikuwa mkali na watu waliumia mikono na mabega. Hata hivyo kila dakika iliyookolewa pale ilipatikana kwa akili ya watu walioijua kazi, na wao walijua kwamba kuokoa dakika hakutawafukuzisha kazi.

Sasa mkono ulioshika mizani unazidi kwenda mbali. Vijana waliofanya kazi Nairobi ya kuchuja picha na video za kutisha kwa ajili ya mtandao wa Facebook, kwa mujibu wa taarifa ya jarida la Time ya Februari 2022, walitarajiwa kuamua kuhusu kila kipengele kwa wastani wa sekunde 50 hivi. Mwaka 2023 zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ikaamua kwamba kampuni mama, Meta, inaweza kushtakiwa nchini humo. Dereva wa teksi ya mtandaoni anapangiwa safari, bei na nyota na programu ambayo hesabu zake hazioni. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri ya Tanzania, LATRA, iliingiza mkono: iliweka nauli elekezi na ikazuia kampuni kumkata dereva zaidi ya asilimia 15. Uber ikasimamisha huduma zake nchini, kikomo kikaja kupandishwa hadi asilimia 25, na kampuni ikarejea. Mtu anaweza kusema serikali ilirudi nyuma. Mimi naona kwamba kwa miezi ile kiwango cha makato, kilichokuwa kikiamuliwa na kampuni peke yake, kilijadiliwa hadharani kama jambo la umma.

Kwa hiyo tunapoulizwa mbadala ni nini, jibu halihitaji kubuniwa upya, kwa sababu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walilipata zaidi ya miaka 160 iliyopita. Wao pia walilipwa kwa tani. Kila kitoroli kilipofika juu ya shimo karani wa mwenye mgodi alikipima, akapunguza kwa madai kwamba kimechanganyika na mawe, akaandika. Mchimbaji aliyekijaza alikuwa bado chini ya ardhi, asione kitu. Mwaka 1860 sheria iliwapa haki ya kuchagua mtu wao wa kusimama kando ya mizani. Walimlipa wenyewe kwa kuchangishana kutoka kwenye ujira wao, ili mwenye mgodi asimshike kwa mshahara. Wamiliki wengi walimfukuza, na ilichukua sheria nyingine za mwaka 1872 na 1887 kumkinga. Baadhi ya watu hao wakaja kuwa viongozi wakubwa wa vyama vya wafanyakazi, na si ajabu, kwani hakuna aliyeijua kazi na hesabu zake kwa pamoja kama wao.

Mchumaji wa chai anaweza kuwa na mtu wa namna hiyo kesho asubuhi, kwa kifungu kimoja tu katika mkataba wa pamoja. Kwa mkunga, mtu huyo ni kikao cha wakunga wenyewe kinachoamua fomu ipi inamsaidia mama na ipi ifutwe. Kwa dereva ni haki ya kisheria ya kuonyeshwa jinsi programu ilivyompangia safari na kwa nini ilimfungia. Kwa mwalimu ni nafasi kwenye TPAD au PEPMIS ya kuandika alichoomba na tarehe aliyojibiwa, nafasi ambayo mkubwa wake hawezi kuifuta. Mmoja mmoja hayo ni madogo na hayagharimu fedha nyingi. Yanamgharimu mwenye mizani upweke wake tu. Pale juu ya shimo la makaa, karani wa mgodi aliandika uzito katika daftari lake, na hatua mbili kutoka aliposimama, mtu wa wachimbaji aliuandika katika daftari la pili.